Baiskeli ya umeme ya kumpakia mtoto, hapa Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila siku ya kazi ninatoka Kiembesamaki na mwanangu wa miaka mitatu na nusu hadi Vuga, yeye skuli ya maandalizi, mimi ofisini. Tunapanda baiskeli ndefu ya umeme, ya kuchukulia mizigo, na haipiti siku bila ya kusimamishwa na mtu: mlangoni mwa skuli, kwa muuza madafu, hata konda wa daladala huchungulia dirishani akauliza. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaweka pamoja. Sifanyi biashara ya baiskeli.

## Mwanzo kabisa

Hii ni baiskeli au pikipiki?

Baiskeli. Unakanyaga, mota inakusaidia. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Zile zinazofuata kanuni za Ulaya zina mota ya wati 250, na msaada unakatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Ukitaka zaidi ya hapo, ni miguu yako.

Zipo nyengine zenye eksileta ya mkononi kama vespa, na zinakimbia mara mbili ya hapo. Hizo hata zikifungwa pedali, tabia yake ni ya pikipiki, na askari wa barabarani akikuuliza namba ya usajili usimshangae. Ukiipenda ya namna hiyo, kaulize habari za usajili na bima kabla ya kulipa, si baada. Mimi nikiwa na mtoto nyuma sijawahi hata siku moja kuona 25 ni ndogo.

Kwa nini nisifunge kiti cha mtoto kwenye baiskeli yangu ya kawaida?

Kwa mtoto mdogo na safari fupi, inafaa. Lakini keria ya kawaida mara nyingi imetengenezewa kilo 25 hivi, na kiti nacho kimo ndani ya hesabu. Mtoto wa kilo 17 na kiti cha kilo nne, umeshafika 21, na bado mkoba wa skuli. Baiskeli ya mizigo ina fremu, ringi na breki zilizopangwa kuchukua kilo 180 hadi 200 kwa jumla, yaani wewe, mtoto, vitu vyenu na baiskeli yenyewe.

Najua, sote tumeziona Phoenix zikipita na magunia mawili ya mkaa. Mkaa haugeuki ghafla kumtazama paka.

Ziko za aina ngapi?

Za maana ni tatu. Ya kwanza ni ndefu nyuma: inaonekana kama baiskeli ya kawaida iliyovutwa, na mtoto anakaa nyuma yako kwenye keria ndefu ya chini. Urefu wake ni kama mita 1.8 hadi 2.1, na uzito kilo 30 hadi 40. Ya pili ina sanduku mbele, baina ya usukani na gurudumu la mbele. Mtoto anakaa humo kama yumo kwenye mtumbwi. Hii inafika mita mbili na nusu na kupita. Ya tatu ina magurudumu matatu, mawili mbele na sanduku katikati yao, na upana wake huwa sentimita 85 hadi 90. Wadenmark na Waholanzi ndio waliozizoea hizi za sanduku, na ukiziona pichani utazipenda. Pichani.

Ya magurudumu matatu si ndiyo salama zaidi, maana haianguki?

Ikiwa imesimama, haianguki. Ikikata kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka, kwa sababu nyingi ya hizi hazilali upande kama baiskeli ya magurudumu mawili. Barabara zetu nazo zimeinama kuelekea mitaroni, kwa hivyo unaendesha ukivutwa kushoto safari nzima. Na shimo utakalolikwepa kwa gurudumu moja utaliingia kwa jengine. Nimeijaribu mara moja, kutoka Mazizini hadi Kilimani, nikashuka mikono inanitetemeka.

## Mlango, ngazi na uchochoro

Nianze kwa kupima nini: mota au betri?

Mlango. Nalisema hili kila siku na watu wanadhani natania.

Mlango wa kizamani wa Mji Mkongwe una mbao mbili na mfaa katikati, na nyumba nyingi hufungua ubao mmoja tu. Chini yake pana kizingiti cha kuinua mguu. Sasa chukua baiskeli ya kilo 35, usukani wa sentimita 68, saa moja usiku, mvua, mtoto amelala begani. Ama inaingia ama hailali ndani. Shoga yangu wa Mkunazini aliagiza ya sanduku, nzuri kweli kweli, ikafika hadi kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba yake na hapo ikagoma kugeuka. Ililala barazani kwa jirani wiki mbili, ikapata wa kuinunua Bububu, kwenye ua mkubwa.

Kwa hivyo fanya hivi: kabla ya kuagiza tafuta ufito, ukate kwa urefu wa baiskeli unayoitaka. Mtu mmoja ashike mbele, mwengine nyuma, utembezeni kutoka chumbani hadi barabara ya gari, bila ya kuuinua juu ya vichwa. Ukipita kila kona, na baiskeli itapita. Upana pima kwa kipande cha boksi. Watoto wa mtaa watacheka, waache wacheke.

Na kwa sababu hiyo hiyo, ukiniuliza ipi inafaa watu wengi wa mjini, nitakwambia ndefu nyuma yenye magurudumu ya inchi 20. Mtoto anakaa chini, uzito hauyumbi, na baadhi ya aina unaweza kuzisimamisha wima kwa mkia wake, zikachukua nafasi ya kiti kimoja tu ukumbini. Wa Fuoni, Chukwani au Tomondo wenye ua na geti, hesabu yenu ni nyengine. La sanduku linaweza kukufaeni.

Nakaa fleti ya Michenzani, ghorofa ya nne. Nafanyaje?

Nunua yenye betri inayotoka kwa ufunguo. Betri ina kilo tatu au nne, unapanda nayo kama kikapu cha sokoni. Baiskeli inabaki chini, imefungwa na kufuli mbili kwenye kitu kilichojengewa, moja ikipita kwenye fremu na gurudumu la nyuma. Zile zenye betri iliyofungiwa ndani ya fremu, kwako ni kazi bure.

## Mtoto

Aanze akiwa na umri gani?

Viti vingi vya nyuma vinaandikwa miezi tisa na kilo tisa, hadi kilo 22. Madaktari wa watoto wa Marekani wao wanasema asipande kabisa kabla ya kutimiza mwaka, na mimi niko upande wao. Shingo ya mtoto wa miezi tisa, ukiiongezea helmeti, halafu matuta ya barabarani, haijawa tayari. Mwaka mmoja, anakaa mwenyewe bila ya kuegemea, helmeti inamkaa: hapo sawa. Sanduku la mbele halibadilishi jambo hili. Tuta ni lile lile.

Akipita kilo 22 kwenye baiskeli ndefu, unatoa kiti, anakaa kwenye mto wa keria na kuzungushiwa reli ya kushikia. Kwa wengi hiyo ni miaka mitano au sita, na lazima awe mtoto wa kusikia neno.

Helmeti na mtandio vinakwenda pamoja?

Vinakwenda, mtandio ukiwa mwembamba na bila pini. Pini ikigongwa inaingia kichwani. Kofia ya kapelo chini ya helmeti haifai, inaifanya ikae juu juu. Jambo ambalo hakuna aliyenambia: helmeti yenye kisogo kilichochongoka inasukumwa na mgongo wa kiti, mtoto anainama safari nzima na kulia, na wewe unadhani hapendi baiskeli. Chagua ya kisogo bapa.

Buibui, kanga, kanzu: haziingii kwenye gurudumu?

Zinaingia. Buibui langu liliwahi kuzungukwa na mnyororo pale mzunguko wa Kilimani, na nilibaki nimesimama kati ya gari nalivuta kama natoa kamba kisimani, mwanangu nyuma ananiuliza, "Mama, umekamatwa?" Likachanika hadi gotini. Toka siku hiyo nina mambo matatu: kifuniko kizima cha mnyororo, ngao ya spoki pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na fremu ya kupandia kwa kupitisha mguu katikati, si kwa kuurusha nyuma. Ukikuta baiskeli haina ngao ya spoki, usiinunue kwanza, au mpe fundi akukatie ya plastiki ngumu.

Ngao hiyo si ya nguo tu. Mguu wa mtoto kuingia kwenye spoki ni ajali kongwe, na kila mtaa una mtu mzima mwenye kovu la kifundoni la enzi ya kupakiwa kwenye keria. Kiti kiwe na vikombe vya miguu vyenye mikanda, na mikanda ifungwe kila safari, hata ya kwenda chuoni nyumba ya tatu.

Akilala njiani?

Atalala, hasa wakati wa kurudi saa tisa. Kwenye sanduku si tatizo, anajikunja. Kwenye kiti cha nyuma kichwa kinaning'inia, kwa hivyo tafuta kiti kinacholala nyuma kidogo na chenye mbavu za juu. Mimi husimama, nikamwekea kanga iliyokunjwa ubavuni mwa shingo, nikaendelea pole pole.

Naweza kumwacha juu yake dakika moja, nimo dukani?

Hapana. Nilisimama Mombasa, hii ya kwetu, si ya Kenya, kununua boflo. Standi yangu ni ya miguu miwili, imara, nikaiamini. Chini palikuwa mchanga. Nimenyoosha mkono wa kutoa pesa, mguu mmoja wa standi ukazama taratibu, na baiskeli ikalala na mtoto ndani ya kiti. Kiti na helmeti vilifanya kazi yake, alitoka na mchubuko wa kiwiko na hadithi ya kumsimulia bibi yake. Mtoto ndiye wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka.

## Mota, betri na umeme

Mota ya kwenye habu au ya kwenye krenki?

Ya krenki, yaani ya katikati pale zinapofungwa pedali, inatumia gia za baiskeli, kwa hivyo inapanda vilima vizuri, lakini inakula mnyororo na meno haraka, na ikiharibika vipuri ni vya kampuni yake mwenyewe. Ya habu, yaani kwenye kitovu cha gurudumu, inasukuma gurudumu moja kwa moja. Ni rahisi, bei ndogo, na fundi mwenye akili anaweza kubadilisha kidhibiti chake kwa cha aina nyengine. Mjini Unguja ni tambarare, ukiacha vilima vichache kama vya kuelekea Masingini. Kwa hapa, habu inatosha. Kwa Pemba tazama mwisho.

Betri ya ukubwa gani?

Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Volti 36 na ampea-saa 13 ni 468. Volti 48 na 15 ni 720. Baiskeli yenye mtoto na mikoba, kwa barabara zetu, hesabu wati-saa 15 kwa kila kilomita ili usidanganyike. Mimi kwenda na kurudi ni kilomita 14 hivi, yaani 210 kwa siku. Kwa hivyo betri ya 500 inanichukua siku mbili na kidogo. Anayetoka Bububu atakuwa na kilomita 20 kwa siku, naye pia hiyo inamtosha. Anayesema lazima 1,000 anataka kukuuzia 1,000.

Bili ya umeme itapanda?

Hizo wati-saa 210, ukiongeza zinazopotea kwenye chaja, ni sawa na kupiga pasi ya wati 1,200 kwa dakika kumi na mbili. Kanzu mbili. Kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni uniti tano hadi sita za Tukuza.

Na umeme ukikatika?

Waliokuwepo hapa Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu gizani, watanielewa nikisema: uliza kwanza kama baiskeli inakanyagika ikiwa betri imekufa. Yenye gia saba na kuendelea, tambarare, inakanyagika; utatoka jasho lakini utafika. Isiyo na gia, utaisukuma.

Kinachoua chaja si kukatika, ni kurudi kwa kishindo. Chomeka chaja kwenye kilindafriji kama unavyolinda friji, kile kinachosubiri dakika chache umeme utulie.

Nichaji usiku nimelala?

Usifanye hivyo. Betri za lithiamu zikishika moto, maji ya ndoo hayazimi, na nyumba za Mji Mkongwe sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii. Chaji jioni ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na magodoro, na kamwe si chini ya ngazi ambayo ndiyo njia yenu ya kutokea. Tumia chaja iliyokuja nayo. Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyoingia maji haichajiwi tena.

Ukitoka juani, iache ipoe nusu saa kwanza. Joto ndilo linalozichosha betri hapa kwetu, kuliko idadi ya safari. Kama utapata ya fosfati ya chuma (LFP, aina moja ya lithiamu), ni nzito kidogo lakini inavumilia joto na haishiki moto kwa urahisi kama nyengine. Na kama huna safari ndefu kesho, asilimia 80 inatosha. Si lazima kila siku ijae pomoni.

## Chumvi, mvua na barabara

Kutu je?

Kutu ni suala la lini. Anayepita Mizingani wakati wa bamvua, mawimbi yakiruka ukuta, anaosha baiskeli kwa maji ya bahari bila kutaka. Fremu ya alumini, spoki na skrubu za chuma kisichoshika kutu, na mkanda wa mpira wa meno badala ya mnyororo, ukiweza kuupata. Kila Ijumaa mimi hufuta yangu kwa kitambaa cha maji baridi, nikakausha, nikatia oili kwenye mnyororo na grisi kidogo kwenye ncha za betri. Usiipeleke kwa waosha magari: ule mpira wa maji ya kasi unasukuma chumvi ndani ya beringi na viunganishi.

Masika inakwenda?

Mvua, ndiyo. Maji yaliyotwama, inategemea. Alama ya IPX4 maana yake inastahimili kurushiwa maji, si kuogelea. Yakifika kwenye habu usipite, kwa mota na kwa sababu huoni shimo lililo chini. Siku hizo tunapanda daladala, na hakuna aibu.

Turubai la mtoto linafaa kwa mvua, lakini jua likitoka tu lifungue. Ndani yake mnakuwa tanuri. Wakati wa kaskazi kivuli cha kitambaa juu, pande wazi, ndicho kinachosaidia.

Breki gani?

Za diski, mbele na nyuma. Za mafuta zina nguvu zaidi na vidole havichoki. Za waya fundi yeyote anazirekebisha. Kama jirani yako ni fundi wa pikipiki anayejua kutoa hewa kwenye breki, chukua za mafuta, na umwambie asome aina ya mafuta iliyoandikwa: nyengine zinataka mafuta ya madini, na ya breki za gari yanazila lastiki zake.

Pancha ya gurudumu lenye mota itakuwaje?

Hii ndiyo inayowatisha mafundi: wanaona waya, wanakurudishia baiskeli. Si lazima gurudumu litoke. Mwambie alaze baiskeli, atoe upande mmoja wa tairi, avute tyubu nje palipotoboka, azibe kiraka pale pale, airudishe. Dakika kumi. Ila nunua tairi nene, inchi mbili na zaidi, na uendeshe na upepo usiokaza sana. Zinameza matuta na mtoto harushwi.

## Kununua

Mjomba wangu yuko Muscat. Aniletee betri kwenye begi?

Hatafika nayo. Ndege za abiria hazikubali betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe begi la mkononi au la chini, na ya baiskeli kama hizi imeshapita hapo mbali. Inakuja kwa meli, pamoja na baiskeli yake. Uliza wakala wa forodha makisio ya ushuru kabla haijapakiwa, maana nzuri za Ulaya zinaanzia kama yuro 4,000 na ushuru unafuata bei. Mjomba alete helmeti.

Iliyotumika?

Inafaa, kwa sharti moja: ihesabu betri kuwa imekufa. Yaani bei yake, ukiongeza betri mpya, bado ikupendeze. Ya miaka mitano na zaidi, uliza pia kama betri ya umbo lile bado inatengenezwa.

Nimfungie Phoenix wangu mota?

Kama breki zake ni zile za vyuma vinavyovuta ringi, hapana, mvua ikinyesha hazishiki. Kama umeshafunga breki nzuri, mota ndogo ya habu na chuma cha kuzuia ekseli isijizungushe, inakwenda vizuri kwa mtu mmoja na samaki wake. Mtoto nyuma, rudi kwenye hesabu ya keria hapo juu.

## Mengineyo

Watoto wawili?

Ndefu nyuma inawachukua, mdogo kitini karibu na mgongo wako, mkubwa nyuma yake. Jumlisha kilo zote, na wewe usijifiche. Zoea kwanza siku tatu na mifuko ya mchele.

Naishi Pemba, ushauri ni ule ule?

Wa mlango ni rahisi zaidi, wa mota unageuka. Pemba ni vilima, shuka panda, na Chake hadi Wete ni kama kilomita 30 za namna hiyo. Chukua mota ya krenki na breki za mafuta, na kwenye betri usinisikilize mimi, nunua kubwa.

Ramadhani unapanda pia?

Napanda, na mwezi huo ndio namshukuru aliyevumbua mota. Ila saa moja kabla ya futari kila mwenye gari ana haraka na kila mwenye vespa ana mfuko wa tende mkononi. Mimi hutoka mapema au hupitia ndani mitaani.

Na bibi naweza kumpakia?

Wangu ana kilo 58 na keria yangu inaruhusu 80, kwa hivyo kilo si tatizo. Tatizo ni kwamba anakaa upande mmoja, miguu pamoja, kama alivyozoea kwenye keria ya marehemu babu, na hataki kusikia habari za kukaa kama mwanamme. Tumekubaliana: hadi msikitini na kurudi, pole pole, na yeye ndiye anayepiga kengele.